Anza Kupima Bahari Kabla Kisima Hakijachorongwa

Nimeshiriki kwa miaka kadhaa katika kupima athari za uchimbaji wa mafuta na gesi baharini, na vijana wanaoingia katika kazi hii wakiniuliza waanzie wapi, huwajibu kwamba waanze kabla uchorongaji haujaanza. Katika mradi wangu wa kwanza tuliitwa kisima kikiwa kimeshachorongwa. Mashapo, yaani mchanga na matope ya sakafu ya bahari, karibu na jukwaa la kuchorongea yalikuwa na bariamu nyingi, lakini hakuna aliyeweza kusema ni kiasi gani kilikuwepo tangu asili, na ripoti yetu ikaishia katika mabishano.

Bariamu hutoka kwenye bariti, madini mazito yanayotiwa katika tope la kuchorongea ili kuliongezea uzito. Kwa kuwa haiyeyuki kirahisi, huonyesha tope lilifika wapi, hata pale ambapo halikudhuru kiumbe chochote.

Vituo vya sampuli hupangwa mfano wa msalaba, mkono mrefu ukifuata mkondo mkuu wa maji, kwa mfano mita 250, 500, 1,000 na 2,000 kutoka jukwaani, pamoja na vituo vya kulinganishia vilivyo mbali zaidi, vyenye kina na mashapo ya aina ileile. Wenye bajeti hupenda kufuta hivyo vya mbali kwanza, wakidai kwamba havina kitu. Msikubali. Katika Bahari ya Kaskazini, data za viumbe wa sakafuni zilipochambuliwa kwa makini miaka ya 1990, athari zilionekana hadi kilomita kadhaa kutoka majukwaani.

Sampuli inapofunguliwa sitahani, inuse kwanza, kwani harufu ya yai viza huashiria kwamba oksijeni imepungua. Ile ya kemia ichotwe sentimita ya juu tu. Ya viumbe ioshwe yote kwenye chekeche, taratibu, maana maji ya kasi hukata minyoo, na kipande kisicho na kichwa hakihesabiwi. Mnyoo aina ya Capitella, anayestahimili uchafuzi, akijaa huku wengine wakitoweka, wingi huo si afya.

Nchini Norway kila eneo hupimwa kila baada ya miaka 3, na ulinganisho wa namna hiyo huhitaji majira yaleyale na vifaa vilevile. Niliwahi kuona ongezeko la viumbe likishangiliwa kikaoni, kumbe chekeche ya milimita 1 ilikuwa imebadilishwa kwa ya nusu milimita.