Gari la Michezo Likichelewa, Andika Barua Kabla Hujapiga Simu

Juma lililopita niliandikiwa na msomaji anayeishi Manchester, ambaye ameagiza gari jipya la michezo na sasa anaona miezi ikipita bila gari wala maelezo ya maana. "Kaka," aliniuliza, "nivumilie au nidai arubuni yangu?" Swali lake limenikuta katika wakati mzuri, kwa kuwa siku chache kabla yake benki ilinijulisha kwamba pauni 1,650 zimeingia katika akaunti yangu kutoka kwa kampuni iliyoniuzia gari. Fedha hizo hazikutoka kwa hisani ya mtu. Zilitokana na barua mbili, na ninakiri kwamba ninazionea fahari barua hizo karibu sawa na ninavyolionea fahari gari lenyewe.

Ninaishi Bristol, na gari langu niliagiza mwanzoni mwa kiangazi cha mwaka 2024. Ni gari dogo linaloundwa Japani, lenye gia za mkono, la aina ambayo nimeitamani tangu nilipokuwa mtoto Tanga, tulipokuwa tukikimbilia barabarani kushangilia magari ya mbio yanayopita na vumbi lake. Kampuni sitaitaja, kwanza kwa sababu tumekwisha kumalizana, na pili kwa sababu mambo waliyonifanyia hufanywa na wengi katika biashara hii. Niliahidiwa kwamba gari lingefika majira ya vuli. Vuli ilipokwisha nikaambiwa kabla ya Krismasi, na Krismasi ilipopita ahadi ikawa "wiki ijayo", ambayo ni ahadi mbaya kuliko zote, kwa kuwa mtu huona aibu kulalamikia wiki moja tu.

Sababu niliyokuwa nikipewa ni meli, na kwa haki ni lazima niseme kwamba sababu hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Wahouthi, waasi wa Yemen, waliiteka meli ya kubebea magari iitwayo Galaxy Leader katika Bahari ya Shamu tarehe 19 Novemba 2023, na kampuni nyingi za meli zikaacha kupita kwenye mfereji wa Suez, zikawa zinaizunguka Afrika nzima kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Mzunguko huo huongeza kiasi cha siku kumi hadi wiki mbili katika safari ya kutoka Asia hadi Ulaya. Nilipolijua hilo nilitulia kwa muda, hata nikafurahi kidogo kufikiri kwamba gari langu lingelizunguka bara letu kabla ya kunifikia. Baadaye nikafanya hesabu nikaona kwamba wiki mbili haziwezi kuzaa miezi, na ndipo nilipouliza swali ambalo ningependa kila msomaji wangu aliulize mapema: namba ya chasisi ya gari langu ni ipi?

Muuzaji hakuwa nayo. Alisema mfumo wao haujaionyesha, kisha akabadili mazungumzo na kuniuliza iwapo nimekwisha kufikiria kununua mazulia ya ziada ya sakafuni. Gari likishaundwa huwa na namba ya chasisi, kwa hiyo mtu aliyekosa namba hiyo katikati ya baridi, huku akisimuliwa habari za Bahari ya Shamu, ana sababu ya kushuku kwamba gari lake halijapanda meli yoyote. Kumsubiri muuzaji wa namna hiyo ni sawa na kusubiri daladala kwenye kituo kilichokwisha kuhamishwa. Iwapo namba ipo, omba pia jina la meli, maana meli zinaweza kufuatiliwa na mtu yeyote kwenye intaneti, na utaona mwenyewe imefika wapi. Iwapo namba haipo, suala lako liko kiwandani, na maneno yote kuhusu bahari hayakuhusu.

Sasa nije kwenye fedha, kwa sababu hapa ndipo subira inapogeuka hasara. Tarehe 30 Oktoba 2024 serikali ya Uingereza ilisoma bajeti iliyopandisha maradufu kodi ya barabara ya mwaka wa kwanza kwa magari mapya yanayotoa hewa ukaa nyingi, kuanzia tarehe 1 Aprili 2025. Kodi ya gari linalotoa kati ya gramu 191 na 225 za hewa hiyo kwa kilomita, kama langu, ilitoka pauni 1,650 ikafika pauni 3,300, na ya yale yanayozidi gramu 255 ilitoka pauni 2,745 ikafika pauni 5,490. Kinachoangaliwa ni siku gari linaposajiliwa kwa mara ya kwanza, wala hakuna anayejali uliliagiza lini. Kwa maneno mengine, kila "wiki ijayo" niliyoambiwa ilikuwa ikinisogeza kwenye ukingo ambao muuzaji aliujua vizuri kuliko mimi.

Niliandika barua ya kwanza mwezi Januari, wakati bado kulikuwa na nafasi ya kuokoa jambo. Sikutukana na sikulia. Nilieleza kwamba Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara alete bidhaa bila kuchelewa kusiko na sababu, ndani ya siku 30 iwapo pande mbili hazikukubaliana vinginevyo, na kwamba muda uliokubaliwa ukipita mnunuzi anaweza kuweka muda mwingine wa kutosha, ambao nao ukipita ana haki ya kuuvunja mkataba na kurudishiwa fedha. Nikaweka muda huo kuwa mwisho wa mwezi Machi, nikataja kodi mpya kwa tarakimu zake, nikasema wazi kwamba nikilivumilia gari zaidi ya hapo tofauti ya kodi nitaidai kwao. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonilipa baadaye, kwa kuwa hakuna aliyeweza kusema kwamba hasara yangu haikutarajiwa.

Gari lilishushwa mwezi Machi katika bandari ya Portbury, karibu kabisa na ninapoishi. Anayeendesha kwenye barabara kuu ya M5 akilipanda daraja la Avonmouth huona upande wa bandari viwanja vilivyojaa magari mapya kwa maelfu, mistari kwa mistari, mengi yakiwa bado na utando mweupe wa kukinga rangi kwenye boneti na paa. Nilipita hapo kwenda kazini na kurudi, nikijua kwamba langu liko miongoni mwao, huku simu ya ofisini kwao ikiniambia kwamba ukaguzi una foleni. Lilisajiliwa baada ya tarehe mosi Aprili. Nilipouliza habari ya kodi, meneja alinisemesha taratibu, neno moja moja, kama mtu anayemfundisha mgeni kuhesabu, kwamba kodi ni jambo la serikali. Nimeishi nchi hii muda mrefu na nimejifunza kusamehe mengi, lakini sauti ile bado ninaisikia, na sitadanganya kwamba barua yangu ya pili niliiandika kwa ajili ya pauni 1,650 peke yake.

Walijibu mara kadhaa wakikataa, kisha wakapendekeza kunipa huduma ya bure ya kubadilishiwa mafuta ya injini, kisha wakalipa yote. Msomaji wangu, uandike. Ukipigiwa simu, jibu vizuri, na ukimaliza kuzungumza andika barua pepe inayorudia yaliyosemwa na tarehe yaliposemwa. Wauzaji huacha kazi na kuhamia kwingine. Aliyenipokea mimi aliondoka kabla ya Krismasi, na ahadi zake zote zingeondoka naye kama nisingekuwa nimeziandika.

Ipo faraja moja ambayo wengi hawaijui. Meli iitwayo Felicity Ace ilishika moto karibu na visiwa vya Azores mwezi Februari 2022 ikiwa njiani kutoka Emden, Ujerumani, kuelekea Marekani na magari takribani 4,000, yakiwemo ya Porsche, Bentley na Lamborghini, na tarehe 1 Machi ikazama. Lamborghini ililazimika kuunda upya magari yake ya aina ya Aventador yaliyozama, ingawa uundaji wa toleo hilo ulikuwa umekwisha. Kwa sheria ya hapa Uingereza, bidhaa unayoletewa na mfanyabiashara inabaki kuwa hatari yake mpaka uikabidhiwe, kwa hiyo gari likizama hasara si yako, na muuzaji atakayekuomba ulipe malipo ya mwisho kabla hujakabidhiwa usimkubalie. Vilevile usidanganywe kwamba ukilipa arubuni kwa kadi ya mkopo umekingwa kwa kila hali. Kinga ile maarufu ya kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya walaji, inayokuwezesha kuidai kampuni ya kadi muuzaji akivunja mkataba, inahusu bidhaa ambayo bei yake taslimu inazidi pauni 100 na haizidi pauni 30,000, na magari mengi ya michezo yako juu ya hapo.

Gari lako la zamani usiliuze mapema. Shemeji yangu alinishauri niliuze bei ilipokuwa nzuri, na kama ningemsikiliza ningepanda basi msimu wote wa baridi. Na picha za gari ambalo huna usimtumie mtu. Mimi nilimtumia mama mkwe peke yake, na kila Ijumaa baada ya salamu alikuwa akiniuliza kama "lile la kwenye simu" limefika.

Wasomaji wa Mombasa na Nairobi, ambao wengi huagiza magari ya michezo yaliyotumika kutoka Japani, wana tarehe yao ya kuogopa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na mwaka unapogeuka kikomo nacho husogea: gari lililosajiliwa mwaka 2017 lilipaswa kufika kabla ya kwisha kwa mwaka 2024. Anayepakia mwezi Novemba gari lililo ukingoni, katika njia ya bahari isiyotabirika, anacheza kamari.

Siku ya kukabidhiwa furaha itakuziba macho, kwa hiyo nenda mchana na uchuchumae. Gari lililokaa bandarini huweza kuwa na betri iliyochoka, diski za breki zenye kutu, na tairi zilizobonyea sehemu moja kwa kusimama bila kusogezwa. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne za juma na mwaka. 3724 ni juma la 37 la mwaka 2024. Mimi nililiendesha gari kwanza kwa mwendo mdogo uwanjani kwao nikiwa na meneja yuleyule pembeni, nikausikia usukani ukitetemeka, nikakataa kutia saini mpaka tairi mbili zilipobadilishwa.

Kwa ndugu yangu wa Manchester, ambaye ameambiwa pia kwamba kuna gari jingine tayari dukani, la rangi asiyoipenda, ambalo anaweza kulichukua kesho: ulizia kwanza lilisajiliwa lini na kwa jina la nani. Iwapo wao wenyewe wamekwisha kulisajili, wewe utakuwa mmiliki wa pili, kodi ya mwaka wa kwanza tayari ililipwa na wao, na udhamini wa kiwanda kwa kawaida ulianza kuhesabika siku hiyo ya usajili. Gari hilo haliuzwi kwa bei ya gari jipya. Taja bei yako kwa maandishi, wape siku saba, na wasipojibu omba arubuni irudi.