180,000 kwa tripu ya Dar, mshahara hamna: jibu langu kwa dogo wa Moshi

Dogo mmoja wa Moshi ameuliza hivi: ana leseni daraja E, ameendesha Fuso miaka mitatu, sasa tajiri mmoja wa Arusha anampa semi ya kuvuta mizigo Dar–Arusha na Tanga–Arusha. Malipo ni 180,000 kwa tripu ya Dar. Mshahara hamna. Mkataba "tutaandikishana ukishazoea". Mafuta yakibaki ni ya dereva. Anataka kujua hiyo 180,000 ni hela nzuri au anapigwa.

Mdogo wangu, nina miaka 14 kwenye semi, na nilianza na ofa inayofanana na hiyo yako kama pacha. Hiyo 180,000 tuiache kwanza. Nikuulize: gari likikaa Kurasini siku sita linasubiri mzigo wa kupanda nao, utakula nini?

Mwaka wangu wa kwanza nililipwa 120,000 kwa tripu ya Dar, na nilijiona nimetoka. Nilipiga hesabu ya tripu nne kwa mwezi, nikaanza mpaka kutafuta chumba kikubwa Sakina. Mwezi wa tatu ukaja. Nikashuka na maharage, nikashusha, halafu tajiri akawa anakataa kila bei anayoletewa na dalali. Siku tisa. Nikapata mzigo, kufika Mombo giaboksi ikafa. Fundi kutoka Arusha alikuja siku ya nne, kifaa kikaja siku ya sita. Mombo unaijua joto lake. Nililala chini ya trela kwenye mkeka na utingo wangu, mchana tunahama na kivuli. Mwezi ulipoisha nilikuwa na tripu mbili, yaani 240,000, na nusu yake ilishaishia kwa mama ntilie, hela ya kuoga na ya mlinzi wa kituo cha mafuta. Tajiri nilipomgusia akaniambia, "Wewe si unalipwa kwa tripu? Tripu ziko wapi?"

Hapo ndipo ugomvi ulipo. Ukilipwa kwa tripu tupu, hasara ya gari kusimama anabeba dereva, wakati dereva hajanunua giaboksi mbovu wala hajakataa bei ya dalali.

Baadaye nilihamia kwa mwajiri mwingine. Mshahara 350,000 kwa mwezi, posho 120,000 kwa tripu ya Dar, na gari likisimama kwa sababu isiyo yangu, kuanzia siku ya tatu unapewa 15,000 kwa siku. Wenzangu pale Njia Panda ya Himo walinicheka, maana wao walikuwa wanachukua 200,000 kwa tripu. Fanya hesabu mwenyewe. Mwezi mzuri wa tripu nne, wao 800,000, mimi 830,000. Mwezi mbaya wa tripu mbili na siku kumi za kusimama, wao 400,000, mimi 710,000. Na miezi mibaya ni mingi kuliko utakavyoambiwa na mtu anayekutafutia kazi.

Sasa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida ni 9 kwa siku, 45 kwa wiki, siku sita. Saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, na zinalipwa mara moja na nusu. Kazi ya usiku, saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5. Mapumziko kati ya siku na siku ni saa 12 mfululizo. Ukisoma hivyo ukiwa umelala kwenye kichwa cha Scania pale Segera unaweza kucheka peke yako. Ile asilimia 5 ya usiku sijawahi kumwona tajiri aliyeilipa.

Lakini usiidharau. Dar mpaka Arusha ni kama kilomita 640. Gari kubwa mwisho ni 80 kwa saa, kwenye makazi ya watu 50, na kuanzia Mwanga kuja huku makazi hayaishi. Weka foleni ya kutoka Kibaha, weka mizani, weka milima. Hakuna namna ya halali ya kuimaliza kwa siku moja ukiwa na mzigo. Kwa hiyo tajiri akikuambia "asubuhi nataka gari liko Njiro" na limetoka Dar jana yake mchana, amekuomba uvunje sheria mbili kwa pamoja, ya barabarani na ya kazi. Ukipinduka Hedaru kwa usingizi, atasema hakukutuma ukimbie. Meseji za namna hiyo usifute.

Na hilo la "mshahara hamna" lenyewe lina shida. Amri ya kima cha chini cha mshahara ina fungu lake la usafirishaji. Kulipwa kwa tripu hakumpi mtu ruhusa ya kukushusha chini ya hapo mwezi ukiwa mbaya.

Jambo ambalo mimi nililijua nikiwa nimeshachelewa ni mshahara wa msingi. Yule mwajiri wa 350,000 nilikaa naye miaka sita kamili. Biashara ikayumba, akauza magari, tukapunguzwa. Kiinua mgongo kisheria ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi. Nikaenda nikiwa na hesabu ya laki saba, laki nane nilizokuwa natia mfukoni kwa mwezi. Karani akachukua 350,000, akagawa kwa 26 (siku za kazi za mwezi), akazidisha kwa 7, akazidisha kwa 6. Ikaja 565,000 na senti. Posho zote za miaka sita hazimo. Nilishika kichwa, lakini alikuwa sahihi. Notisi ya siku 28 na likizo ambayo sikuchukua navyo vikaenda kwa hesabu hiyohiyo. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniambia nichague kati ya kuongezewa 50,000 kwenye posho au 50,000 kwenye mshahara, sifikirii. Sasa wewe ambaye mshahara wako ni sifuri, karani atagawa nini kwa 26?

Tuje kwenye mafuta. "Yakibaki ni yako" ni maneno matamu. Maana yake tajiri ameshajua hela anayokupa haitoshi, na anakuambia kwa lugha ya mzunguko ujilipe kwenye tenki. Atakupimia lita za safari akidhani gari linakwenda kilomita mbili na nusu kwa lita. Likiwa na tani 30 mgongoni na upepo wa Same usoni haliendi hivyo. Yakipungua, deni ni lako. Yakibaki, siku mkikosana, yale madumu uliyouza yanageuka wizi. Nimewaona wawili wamelala mahabusu kwa mafuta ambayo waliruhusiwa kwa mdomo. Kama anataka kukuzawadia kwa kuendesha vizuri, aandike: lita kadhaa zikiokolewa, dereva analipwa shilingi kadhaa.

Shotiji nayo, yaani mzigo kufika pungufu au umeharibika. Nilibeba mbolea kutoka bandari ya Tanga, mifuko 600, nikafikisha 589 mizima. 11 ilikuwa imelowa na kuganda kama jiwe. Turubai lilikuwa limechoka na nilishasema kabla sijapakia, ila nilisema kwa mdomo. Tajiri wangu wa kwanza (simtaji, bado tunakutana kwenye misiba) alikata bei ya mifuko yote 11 kwenye hela zangu, mpaka nikafanya tripu tatu bila kushika kitu. Kumbe sheria haimruhusu. Ili akukate kwa hasara lazima iwe kosa lako, akupe maelezo kwa maandishi, akupe nafasi ya kujitetea, asikate zaidi ya hasara yenyewe, na makato yasizidi robo ya malipo yako. Robo, dogo. Mimi nilikatwa nne ya nne. Tangu siku hiyo turubai likiwa na tundu napiga picha, namtumia tajiri kwenye WhatsApp kabla ya kupakia, na naandika "naomba jibu". Wengine wananiita mwanasheria. Sawa tu.

Kwenye mizani uliza mapema faini ni ya nani. Tangu 2019 tunapimwa kwa sheria ya Afrika Mashariki: ekseli ya mbele tani 8, ekseli pacha za kichwa 18, tatu za trela 24, kwa hiyo semi ya ekseli sita ni tani 50, na gari lolote mwisho 56. Unaweza kuwa chini ya 50 na bado ukanaswa kwa ekseli moja. Mimi nilipita mizani ya Vigwaza safi na nondo, kati ya Hedaru na Makanya ng'ombe wakavuka, nikakanyaga breki, mzigo ukatambaa mbele. Kwenye mizani ya Njia Panda ekseli za kichwa zikasoma zaidi. Siku mbili pale, kutafuta vijana wa kupanga mzigo upya, na tajiri kwenye simu anauliza kwa nini nisingemgonga huyo ng'ombe. Hilo nalo lilikatwa kwangu. Siku hizi ninahesabu minyororo mwenyewe, simwachii mtu wa godauni.

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, sitaki kuongea sana. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, wewe hukatwi zaidi ya 10, iliyobaki ni yake. Kukatwa kwenye hati ya mshahara hakumaanishi imefika. Nenda ofisini kwao na namba yako kila baada ya miezi mitatu minne uangalie. Mimi nilikuta miezi saba haipo, nikamwonyesha mwajiri karatasi mbele ya wenzangu, ikalipwa. WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, mchango wake wote ni wa mwajiri. Ukiona umekatwa hata mia ya WCF, umeibiwa. Na muulize utingo wako ameandikwa na nani. Wangu alibanwa kidole wakati tunaunga trela pale Tengeru. Hakuwepo kwenye karatasi yoyote, tajiri alisema hamjui. Hospitali nililipa mimi kwa posho yangu, na kile kidole hakikunyooka tena.

Kuhusu mkataba wa "ukishazoea": kisheria maelezo ya kazi kwa maandishi ni wajibu wa mwajiri tangu unapoanza: kazi yako, saa, malipo na namna yanavyohesabiwa. Mkifika mbele ya CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na yeye hana maandishi, ni yeye wa kuthibitisha kuwa hamkukubaliana unavyodai, siyo wewe. Madereva wengi hawalijui hili, wanaona bila mkataba hawana kesi. Wanachopoteza ni muda. Ukiachishwa kazi una siku 30 kupeleka lalamiko. Madai mengine kama makato na posho, siku 60. Tajiri atakuambia "subiri mwezi ujao tuyamalize kiutu uzima", na mwezi ujao ndiyo siku ya 31. Yazungumzeni kiutu uzima, sikatai, lakini fomu iwe imeshapelekwa.

Mwaka 2015 madereva waligoma nchi nzima, na mikataba ilikuwa mojawapo ya madai. Mpaka leo ukikaa kijiweni na watu kumi, waulize wangapi wana nakala ya mkataba nyumbani. Siyo waliosaini, wenye nakala.

Sasa jibu la swali lako. Rudi kwa huyo tajiri, na nenda mchana akiwa ametulia, siyo wakati gari linapakia. Mwambie: "Mzee, posho tushushe mpaka 120,000, ila nipe mshahara wa 350,000 kwenye karatasi, na gari likisimama kwa ubovu au kukosa mzigo tuelewane kwa siku." Wengine hukubali haraka kuliko unavyodhani, kwa sababu wanaona posho imeshuka. Akikataa mshahara wowote, kwa maoni yangu Fuso yako ya Moshi, unayolala nyumbani, ni bora kuliko semi hiyo.

Kama una shida na lazima uichukue, hakuna atakayekulaumu, sote tulianzia hapo. Basi nunua daftari. Andika tarehe ya kutoka, ya kufika, siku za kusimama na sababu yake. Meseji za posho kwenye simu usizifute hata ukibadilisha laini. Na kila hati ya kupokelea mzigo ipige picha ukiwa bado getini kwa mteja, maana ikishaingia kwenye droo ya karani wa tajiri, huioni tena.