Mazoezi ya kupumua kwa mwenye maumivu sugu ya mgongo

Umeuliza kama mazoezi ya kupumua yanaweza kweli kumsaidia mtu ambaye mgongo umemsumbua mwaka mzima, au kama daktari aliyekushauri uyafanye alikuwa anakuambia kwa adabu kwamba maumivu yako ni ya kufikirika. Nimeishi na maumivu ya kiuno kwa miaka mingi, na mazoezi haya ni sehemu ya siku yangu, kwa hiyo naomba nikujibu kwa kirefu. Yanasaidia, ila hayagusi chanzo cha maumivu. Yanapunguza yale ambayo mwili wenyewe unayaongeza juu ya maumivu, na kwa wengi wetu nyongeza hiyo si ndogo.

Kwanza nikutoe wasiwasi kuhusu hilo la kufikirika. Maumivu yanayodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3 huitwa maumivu sugu, na Shirika la Afya Duniani limeyapa nafasi yake katika toleo la 11 la uainishaji wa magonjwa, lililoanza kutumika mwaka 2022. Mwaka 1965 watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba taarifa za maumivu zinaweza kuzuiwa au kuachiliwa katika neva za uti wa mgongo kabla hazijafika kwenye ubongo, na tangu hapo imezidi kueleweka kuwa ukali wa maumivu hautegemei ukubwa wa jeraha peke yake. Hofu, uchovu, kukosa usingizi na misuli iliyokaza huyazidisha. Yote hayo hutokea ndani ya mwili halisi, na anayekuambia upumue polepole hajakanusha kwamba unaumia.

Jichunguze maumivu yanapokuchoma ghafla. Huenda utakuta umebana pumzi, mabega yamepanda, meno yameumana, tumbo limekuwa gumu, na hewa kidogo unayovuta inaishia juu ya kifua. Misuli ya kiuno nayo hujikaza ili kukinga mahali panapouma, na ikikaa hivyo kwa saa nyingi huanza kuuma yenyewe, kama mkono ulioshikilia ndoo iliyojaa bila kuitua. Pumzi ndiyo mlango rahisi wa kuingilia hapo, kwa sababu hujiendesha yenyewe lakini pia hukubali kuongozwa. Tukivuta pumzi mapigo ya moyo huongezeka kidogo, na tukiitoa hupungua, kwa kazi ya neva ya vagasi inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Ndiyo maana katika zoezi hili tunarefusha zaidi utoaji wa pumzi kuliko uvutaji.

Lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage kitanda, kisha weka kiganja kimoja juu ya kitovu na kingine kifuani. Vuta hewa kwa pua huku ukihesabu hadi 4 na uache tumbo liinuke lenyewe bila kulisukuma, halafu itoe taratibu ukihesabu hadi 6. Kila hesabu ikichukua sekunde moja, utapumua mara 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Ukiona hesabu hiyo inakubana, anza na 3 kwa 4, kwani hakuna tuzo ya kufika mbali. Jambo ambalo mtaalamu wa fiziotherapia alinisisitizia kuliko yote ni kwamba pumzi iwe ya polepole, si kubwa. Ukivuta hewa nyingi kwa nguvu utapoteza kabonidioksidi kupita kiasi, na utasikia kizunguzungu na midomo au vidole kufa ganzi. Hilo likitokea, acha, upumue kawaida hadi litulie.

Fanya mazoezi haya wakati maumivu yamepoa, kila siku, kwa dakika chache, kwa sababu ni vigumu sana kujifunza kitu kipya ukiwa katikati ya mateso. Baadaye utayapeleka kwenye mambo yanayokuumiza. Mimi nafuu kubwa nimeiona katika kugeuka kitandani usiku. Navuta pumzi nikiwa bado nimetulia, kisha nageuka ninapoitoa, magoti na mabega yakienda pamoja, na ule mkato wa kisu uliokuwa ukiniamsha kabisa umepungua kiasi kwamba mara nyingi narudi usingizini. Kuinuka kwenye kiti ni vivyo hivyo: inama mbele, simama huku pumzi inatoka.

Wanaotangaza kwamba pumzi huponya maumivu ya kila namna wanawaonea wagonjwa, na hilo linanisikitisha sana. Siku maumivu yamepanda kweli, kupumua peke yake hakutoshi. Meza dawa kama ulivyoandikiwa, na usiziache ghafla bila kuzungumza na daktari. Mwenye ugonjwa wa mapafu au wa moyo amuulize daktari kabla ya kuanza. Na ukipata ganzi sehemu za siri au kati ya mapaja, ukashindwa kuzuia au kutoa mkojo, ukaishiwa nguvu miguuni, au maumivu yakaambatana na homa, usikae kuhesabu pumzi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Wapo pia ambao kuifuatilia pumzi huwazidishia wasiwasi. Ikiwa ni hivyo kwako, fumbua macho, utazame kitu kimoja kilicho mbele yako, na uhesabu wakati wa kutoa pumzi tu. Ukitaka kujua kama yanakufaa, usijipime kila unapomaliza zoezi. Angalia baada ya wiki kadhaa kama unalala vizuri zaidi, kama unakaa kwenye kiti muda mrefu kuliko zamani, kama kazi uliyoikwepa sasa unaigusa. Usipoona tofauti yoyote, mwambie daktari wako waziwazi, ili mtafute pamoja njia nyingine.