Maswali ya Wasomaji: Mzazi Anaugua, Watoto Bado Wadogo

Barua za safari hii zote zimetoka kwenye nyumba zenye mgonjwa mzito na watoto wa chini ya miaka 10. Majina tumeyaondoa, na kila barua inafuatwa na jibu letu.

Nimegundulika na saratani ya titi, nitapasuliwa baada ya siku 10. Nina watoto wa miaka 4 na 7. Mama mkwe anasema wasiambiwe chochote mpaka nipone. Mume wangu hajui ashike upande gani.

Waambie, dada, na uwaambie mwenyewe. Mama mkwe hana nia mbaya, ila siri anayotaka kuilinda imeshavuja. Watoto wanaona simu zikipokelewa nje, wanasikia sauti zikishuka wakiingia sebuleni. Mtoto asiyepewa maelezo hujitungia yake. Huyo wa miaka 4 yuko kwenye umri wa kuamini kwamba mawazo yake yanatenda kazi: wiki iliyopita alikukasirikia, leo unaumwa, basi yeye ndiye aliyekuletea ugonjwa.

Jina la ugonjwa walisikie wote wawili siku moja, mkubwa asije akabebeshwa siri ya kumficha mdogo wake. Tarehe ya kulazwa ni jambo jingine. Kwa wa miaka 4 "wiki ijayo" ni maneno matupu, kwa hiyo mtajie siku 2 au 3 kabla. Chagueni asubuhi ya siku isiyo ya shule, msiwaambie wakati wa kulala.

Maneno yenyewe yawe machache: "Mama ana ugonjwa kwenye titi, unaitwa saratani. Si kama mafua, unachukua muda mrefu kutibiwa. Madaktari watautoa, halafu nitapewa dawa kali. Hakuna aliyeusababisha, wala wewe. Hauambukizi, mnaweza kunikumbatia." Hapo nyamaza. Usikwepe neno saratani ukabaki na "mama anaumwa", maana mtoto huyo akipata mafua mwenyewe ataogopa kwamba naye atapasuliwa. Kama dawa utakazopewa ni za kuangusha nywele, waambie mapema. Mara nyingi nywele huanza kutoka wiki 2 hadi 3 baada ya dozi ya kwanza.

Huenda swali la kwanza likawa "Nani atanipeleka shule?" Usiumie. Mtoto mdogo huupima ugonjwa wa mzazi kwa siku yake mwenyewe: nani atamwosha, nani atamlaza. Kabla hujafungua mdomo uwe na jina la mtu kwa kila kazi. "Tutaona" si jibu. Wakirudi kucheza bila kuuliza kitu, waache. Maswali yatakuja baadaye, mara nyingi wakati wa kuoga au mkiwa njiani, pale ambapo hamtazamani usoni.

Wakiuliza kama utakufa, usiahidi usichokuwa nacho. "Madaktari wanafanya kila kitu nipone. Mambo yakibadilika nitawaambia mimi mwenyewe." Mpe mama mkwe sentensi hizohizo. Watoto wakisikia hadithi mbili hawaamini hata moja.

Mke wangu anapata tibakemia, zile dawa kali za saratani, kila wiki 3. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu analala naye, wa miaka 5 anatumia choo kimoja naye. Nesi alitueleza mengi siku ya kwanza, nusu tumesahau.

Hatari ni mbili na zinapishana njiani: dawa kutoka kwa mama kwenda kwa watoto, na vijidudu kutoka kwa watoto kwenda kwa mama. Watu huihofia sana ya kwanza, lakini inayompeleka mgonjwa hospitali usiku ni ya pili.

Dawa hutoka kwa mkojo, kinyesi na matapishi, hasa katika saa 48 za kwanza. Baadhi ya dawa hukaa zaidi ya hapo, kwa hiyo uliza kuhusu ile anayopewa yeye. Katika siku hizo choo kifunikwe kabla ya kuvuta maji, na maji yavutwe mara 2. Matapishi na mashuka yaliyolowa yashikwe kwa glavu, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Beseni la kutapikia lisiwe lile la kumwogeshea mtoto. Kwenye haraka ya usiku kosa hilo ni jepesi mno. Kukumbatiana na kukaa mapajani havina shida. Hukutaja kunyonya, lakini mtoto wa umri huo anayelala na mama huenda bado ananyonya usiku. Kama ndivyo, zungumza na daktari leo, kwa sababu dawa nyingi za tibakemia huingia kwenye maziwa na kunyonyesha husimamishwa.

Sasa ya pili. Chembe nyeupe za damu, zinazopigana na vijidudu, hushuka baada ya dozi, na kwa dawa nyingi hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Zipake rangi siku hizo kwenye kalenda. Mtoto mwenye mafua alale chumba kingine, vikombe visichangiwe, anayetoka shule anawe kwa sabuni kabla ya kumkimbilia mama. Nepi abadilishe mtu mwingine. Kipimajoto kikae mahali panapojulikana: kikisoma nyuzi 38 au zaidi, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni saa 8 usiku. Msimpe paracetamol kwanza ili muone kama homa itashuka. Itashuka, na maambukizi yataendelea chinichini. Wengi husubiri kuche kwa sababu hakuna wa kubaki na watoto. Basi huyo wa kubaki mtafuteni leo, mpeni na ufunguo.

Watoto waendelee na chanjo zao, pamoja na ya surua. Ila ya matone ya polio ina virusi hai vinavyotoka kwenye kinyesi cha mtoto, kwa hiyo kabla hajapewa waambieni kliniki kwamba nyumbani kuna mtu wa tibakemia, muulize kama ipo ya sindano. Tetekuwanga ikiingia shuleni, pigeni simu hospitali siku hiyohiyo, msingoje vipele. Kinga anayoweza kupewa mama hufaa ikiwahi.

Mionzi ya matibabu inayopigwa kwa mashine kutoka nje ya mwili haimfanyi mtu atoe mionzi. Atoke chumbani abebe mtoto. Dawa ya iodini yenye mionzi, ya kutibu tezi la shingo, ni tofauti: hapo kuna siku na umbali wa kukaa na watoto, na mnapangiwa na hospitali. Na kama kuna msomaji ambaye mgonjwa wake ana kifua kikuu, haya hayamhusu. Kifua kikuu kinaambukiza. Watoto wote wa nyumba hiyo wapimwe, na wa chini ya miaka 5 wasiokutwa na ugonjwa huanzishiwa dawa za kinga.

Mimi ni bibi. Mwanangu wa kiume amelazwa, namlea mtoto wake wa miaka 5. Alikuwa ameshaacha kukojoa kitandani, sasa kila usiku. Na ananipiga. Nimchape?

Shikamoo bibi. Usimchape. Mtoto aliyeshtuka hurudi kwenye umri aliokuwa akitunzwa zaidi, na fimbo humwambia kwamba hata hapo si salama. Tandika plastiki chini ya shuka, weka shuka kavu na nguo ya kulalia pembeni, akilowesha mbadilishe taa ikiwa hafifu, bila maneno. Kamwe asitaniwe mbele ya wageni. Anapopiga, ushike mkono wake, umwambie, "Hupigi mtu. Najua una hasira, baba hayupo," kisha uuachie.

Shikilia nyakati tatu za siku zisibadilike: wakati wa kuamka, wa chakula cha jioni, wa kulala. Mengine yakivurugika si neno. Mwalimu wake aambiwe, na mtoto ajue kwamba mwalimu anajua.

Lakini usidhani kila kitu kinatokana na baba kulazwa. Kama anakunywa maji kupita kawaida, anakojoa mara nyingi hata mchana, anakonda, au analalamika mkojo unamchoma, mpeleke kliniki haraka. Hayo ni ya kisukari au ya maambukizi ya njia ya mkojo, na kisukari cha mtoto hakisubiri wiki. Msaada wa mshauri utafute ikiwa wiki kadhaa zimepita hachezi, hali chakula, au anasema anataka kumfuata baba.

Mume wangu anatumia dawa kali za maumivu: mofini ya maji na mabandiko ya fentanyl ya kubandika kwenye ngozi. Mtoto wetu ana miaka 2 na anapenda kulala kifuani kwa baba yake.

Aendelee kulala, lakini lisogezwe bandiko. Libandikwe sehemu ya juu ya mgongo, ngozi ikiwa kavu, na ulikandamize kwa kiganja sekunde 30. Bandiko lililolegea huhamia kwenye ngozi ya mtoto aliyelala karibu, na dozi ya mtu mzima inaweza kumuua. Litazame kila mara kabla mtoto hajapanda kitandani. Asione unalibandika, kwani miaka 2 ni umri wa kuiga. Bandiko lililotumika saa 72 bado lina dawa ya kutosha kumdhuru: likunje gundi ikigusana ndani, kisha ulitupe kama famasia ilivyokuelekeza, si kwenye ndoo ya jikoni.

Mofini ikae kwenye sanduku lenye kufuli, na katika chupa yake ileile. Ukiimimina kwenye chupa ya soda umetega mtego. Vile visanduku vya plastiki vya kupangia vidonge vya wiki hufunguka kirahisi, na ukivitikisa hulia kama kayamba. Mtoto hahitaji mwaliko mwingine. Mikoba ya wageni nayo itundikwe juu.

Mtoto akiwa na usingizi usioamshika, anapumua polepole, mboni zimesinyaa kama ncha ya sindano: bandua bandiko kama lipo, usimtapishe, nenda hospitali na pakiti ya dawa mkononi.

Nimepasuliwa tumbo. Mwanangu ana kilo 12 na analia nimbebe.

Baada ya upasuaji mkubwa wa tumbo, wengi huambiwa wasinyanyue zaidi ya kilo 4 au 5 kwa wiki 6 hivi. Wewe fuata alivyosema daktari wako. Kaa wewe kwanza, mto juu ya mshono, yeye apande kwa kigoda akija ubavuni. Kumbatio likae muda mrefu kuliko la zamani. Kinachomliza ni kukataliwa, kimo cha kubebwa hakijali sana. Wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine wana angalizo lao: mkono wenye mshipa uliounganishwa kwa ajili ya mashine hiyo usibebe mtoto, wala kichwa chake kisilalie hapo.

Mke wangu yuko chumba cha wagonjwa mahututi. Binti wa miaka 6 anataka kumwona. Ndugu wanakataa.

Kama mwenyewe anataka na wodi inaruhusu, mpeleke. Kwanza mwonyeshe picha ya chumba, au uchore. "Mama ana mrija mdomoni unaomsaidia kupumua, ndiyo maana hawezi kuongea. Mashine zinalia mara kwa mara. Wauguzi ndio wanaozisikiliza." Mwambie anaruhusiwa kugusa wapi. Awepo mtu mzima ambaye kazi yake ni binti tu, atakayetoka naye akisema "twende" hata baada ya dakika 2. Wewe utakuwa unamtazama mkeo. Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Siku akikataa, asilazimishwe. Sauti yake iliyorekodiwa kwenye simu ipelekwe badala yake.

Daktari amesema matibabu yamefika mwisho. Watoto wangu wana miaka 3, 6 na 9. Baba yao bado anaongea. Nianzie wapi?

Anzia kwenye neno kufa, dada, kwa sababu lugha yetu imejaa njia za kulipita. Ukisema atalala, mtoto ataogopa kitanda. Atasafiri? Atangoja mlangoni, na atakasirika hakuagwa. Mungu amempenda zaidi? Wa miaka 6 atajiuliza nani anafuata kupendwa. Sema: "Ugonjwa umezidi nguvu za dawa. Baba atakufa. Mtu akifa mwili unaacha kufanya kazi. Hapumui, haoni maumivu wala njaa wala baridi, na harudi." Mnachokiamini kidini kifuate baada ya hapo, kisichukue nafasi yake.

Wa miaka 3 atauliza "baba anarudi lini?" kwa wiki nyingi. Jibu liwe lilelile kila mara. Wa 6 anaweza kuuliza kuhusu kaburi na wadudu; mjibu bila kushtuka. Wa 9 atataka kujua kama wewe nawe utakufa na wao wataenda wapi. Mtajie mtu, baada ya kumwomba mtu huyo na yeye kukubali.

Wakati bado anaongea, arekodi sauti ya dakika 2 au 3 kwa kila mtoto, akimtaja kwa jina. Isiwe hotuba ya maisha. Hadithi ya siku mtoto alipozaliwa inatosha. Hifadhini nakala mahali pawili, simu hupotea. Vyeti vya kuzaliwa na karatasi za ulezi zikamilishwe mkono wake ukiwa bado unaweza kusaini.

Kisha panga jambo moja ambalo hakuna atakayelikumbuka saa ikifika: nani atawaambia, na wapi. Kama ni usiku, waache walale. Waambiwe alfajiri na mtu waliyemzoea, wakiwa bado chumbani kwao, kabla nyumba haijajaa watu.