Mwenyeji na mgeni ndani ya laptopu moja: kila faili liwe na kwao

Si ajabu kuingia ofisi ya wakala wa forodha hapa Mombasa ukakuta programu moja ya zamani isiyoachika. Mara nyingi ni ya uhasibu au ya ankara, ilinunuliwa enzi za Windows 7, rekodi za wateja za miaka mingi zimo ndani yake, na aliyeiuza hapatikani tena. Kompyuta mpya ikiletwa, programu inakataa kuwaka. Dawa yake ni mashine pepe: unaweka VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta, kwenye kompyuta mpya, ndani yake unasakinisha Windows ile ya zamani, na kazi inaendelea. Kompyuta yenyewe huitwa mwenyeji, na ile iliyo ndani huitwa mgeni.

Kusakinisha hakumshindi mtu. Tabu huanza siku ya pili, pale mtu mmoja anapofanya kazi pande zote mbili kwa mpigo: barua pepe kwa mwenyeji, ankara kwa mgeni, printa huku, flashi ya leseni (ile ambayo programu haiwaki bila kuchomekwa) kule. Wengi wakiliona dirisha la mgeni hudhani ni programu tu kama Word. Sivyo. Ile ni kompyuta nyingine kamili, ina diski yake, saa yake na anwani yake ya mtandao. Ukilishika hilo, mengi yatakuwa mepesi. Kila faili na kila kifaa kipewe upande mmoja kuwa ndio kwao, na njia za kuvukia ziwe chache.

Nguvu za mashine kwanza. Laptopu yenye RAM ya GB 8 inamudu mgeni wa GB 3, mwisho 4. Ukimpa 6, mwenyeji ataanza kutumia diski badala ya RAM na wote wawili watakwama. Viini viwili vya prosesa vinatosha kwa Windows 7 au 10. SSD ni lazima. Kwenye diski ya kuzunguka, kila programu itakuchosha roho. Kwa laptopu za mtumba zenye Intel za kizazi cha sita na cha saba, ambazo Windows 11 haizikubali rasmi kwa kuwa inaanzia kizazi cha nane, ushauri wetu ni kuweka Linux kwa mwenyeji na Windows kwa mgeni. Windows 10 ilifikia mwisho wa masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo si busara kuitegemea kwa mambo ya mtandaoni.

Mgeni akiwa mzito kupita kiasi, tazama pembe ya chini kulia ya dirisha lake. Ukiona ikoni ya kobe wa kijani, ujue Hyper-V, mfumo wa mashine pepe wa Windows yenyewe, upande wa mwenyeji imeushika uwezo wa prosesa, na VirtualBox inapitia kwake. Zima "Memory integrity" kwenye mipangilio ya usalama ya Windows, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika bcdedit /set hypervisorlaunchtype off, kisha zima na uwashe kompyuta. Ujue lakini kwamba hatua hiyo inapunguza kinga ya mwenyeji, na WSL 2 (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows) haitafanya kazi. Mgeni asipowaka kabisa, fungua Task Manager, sehemu ya Performance, usome mstari wa Virtualization. Ukisema Disabled, ingia BIOS uwashe uwezo wa mashine pepe, unaoitwa VT-x kwa Intel, au SVM kwa AMD.

Wenye Mac za chipu ya M1 na zilizofuata, yaani kuanzia mwisho wa 2020, wajue kwamba mgeni wao ni Windows ya ARM, yaani iliyotengenezwa kwa chipu za aina hiyo. Windows 7 ya kawaida haiwaki humo kama mashine pepe, kwa hiyo kwa programu kongwe tafuteni kompyuta ya Intel au AMD.

Kivuko

Mgeni akishawaka, sakinisha Guest Additions, nyongeza za VirtualBox zinazowekwa ndani ya mgeni, kabla ya kitu kingine chochote: menyu ya Devices, kisha Insert Guest Additions CD Image, halafu ndani ya mgeni endesha kisakinishi kilicho kwenye CD hiyo na uwashe upya. Bila hiyo, skrini hubaki ndogo, kipanya kinaweza kunaswa ndani mpaka ubonyeze Ctrl ya kulia, na folda ya pamoja haionekani. VirtualBox ikipata toleo jipya, sakinisha tena na Guest Additions ya toleo hilohilo; wengi husahau, kisha hushangaa mbona kunakili na kubandika kumekufa.

Sasa tengeneza folda moja kwa mwenyeji, uiite kivuko. Kwenye Shared Folders iongeze, weka tiki kwenye Auto-mount na Make Permanent, na pale pa Mount point andika K: ili mgeni aione kama diski K. Herufi ni bora kuliko anwani ndefu ya \\vboxsvr\kivuko, maana programu kongwe nyingi haziielewi. Mgeni akiwa Linux, folda itatokea /media/sf_kivuko, lakini utazuiwa kuifungua mpaka uandike sudo usermod -aG vboxsf $USER, utoke, uingie tena.

Usimfungulie mgeni folda yako yote ya nyumbani. Windows 7 haipati masasisho ya kawaida ya usalama tangu Januari 2020. Kirusi cha kufunga mafaili kikimwingia mgeni, kitafunga kila anachoweza kukiandikia, na picha za harusi na mikataba ya mwenyeji zitakwenda pamoja.

Hakuna anayelala kwenye feri ya Likoni. Mtu huvuka akaenda zake. Folda hii nayo ni ya kupitishia, si ya kuhifadhia, na hapa ndipo kazi za watu huharibika vibaya kuliko popote. Hifadhidata ya programu ya uhasibu, ya Access, au ya SQLite hufanya kazi kwa kufunga vipande vya faili wakati wa kuandika, ili mwandishi wa pili asubiri. Kwenye folda ya pamoja, kufuli za upande mmoja hazina uhakika wa kuonekana upande wa pili. Mgeni anaandika ankara, mwenyeji naye analifungua faili lile lile kulinakili, na matokeo yake ni hifadhidata yenye kurasa mbili zisizokubaliana. Haitakuambia siku hiyo. Itakuambia mwisho wa mwezi, jumla zikigoma kulingana. Hifadhidata ikae kwenye diski C ya mgeni, na ifunguliwe na mgeni peke yake.

Mafaili ya Excel yana hatari hiyohiyo, ila yenyewe huacha dalili. Ukiona kando ya ankara.xlsx kuna kijifaili chenye jina linaloanza na ~$, au kinachoanza na .~lock, ujue upande fulani bado umelifungua. Usikifute ili uendelee, nenda ukalifunge.

Wanafunzi wanaojifunza kutengeneza tovuti wana mtego wao. Ukiandika msimbo kwa mwenyeji na kuuendesha kwa mgeni wa Linux kupitia folda ya pamoja, nginx, programu inayohudumia kurasa za tovuti, inaweza kukuletea ukurasa wa zamani hata baada ya kuhifadhi mabadiliko. Weka sendfile off kwenye mipangilio yake. Programu zinazosubiri kuarifiwa faili linapobadilika nazo hazipati habari, kwa sababu taarifa hiyo haivuki. Na npm install ikigoma kwa makosa ya viungo vya ishara, acha node_modules, folda inayojazwa na amri hiyo, kwenye diski ya mgeni mwenyewe.

Mfano wa kazi inayovuka vizuri ni marejesho ya kodi. Faili la Excel la iTax, mfumo wa kodi wa KRA, lina makro, yaani maagizo yanayojiendesha ndani yake: unajaza, unabofya Validate, linatoa faili la zip la kupakia. Ukiwa na Linux kwa mwenyeji na Excel kwa mgeni, pakua faili kwa mwenyeji, lipitishe kivukoni, mgeni alinakili kwenye diski C. Excel ikizuia makro, bofya Enable Content kwenye mstari wa onyo unaotokea juu. Jaza, thibitisha, kisha rudisha ile zip kivukoni, na uipakie kwa kivinjari cha mwenyeji, kilicho kipya na salama. Mgeni hakugusa intaneti hata mara moja.

Kunakili na kubandika kati ya pande mbili huwashwa kwa Shared Clipboard. Chagua mwelekeo mmoja unaouhitaji. Ukiacha Bidirectional, nywila uliyoinakili kwa mwenyeji inasomeka na programu yoyote iliyo kwa mgeni.

Vifaa

Flashi ya leseni huwa ya upande mmoja kwa wakati mmoja. Mgeni akiichukua, mwenyeji haioni, ni sawa na kuichomoa huku ukaichomeka kule. Fungua Settings, USB, ongeza kichujio cha flashi hiyo, na kila mgeni akiwaka ataichukua mwenyewe. Kwa mwenyeji wa Linux, orodha ikiwa tupu sababu karibu kila mara ni moja: jina lako halimo kwenye kundi la vboxusers.

Kwa printa, usihangaike kutafuta draiva ya Windows 7. Mgeni achape kwa PDF, aitupe kivukoni, mwenyeji aitoe kwenye karatasi. Ni hatua moja zaidi, lakini haivunjiki. Isipokuwa printa ya nukta inayopiga fomu za nakala tatu. Hiyo mpe mgeni moja kwa moja kwa USB.

Mtandao wa kawaida ni NAT, yaani mgeni hutoka nje kwa kupitia mwenyeji. Mgeni hupata anwani 10.0.2.15, na humfikia mwenyeji kwa 10.0.2.2, lakini kompyuta nyingine za ofisini hazimfikii yeye. Wenzako wakihitaji kuingia kwenye programu iliyo kwake, badili uweke Bridged Adapter, apate anwani yake kutoka kwa ruta. Kama hakuna anayemhitaji na yeye hahitaji intaneti, ondoa tiki ya Cable Connected, umalize.

Na saa. Kwa mgeni wa Windows asiye na Guest Additions, tiki ya Hardware Clock in UTC Time humrudisha nyuma saa tatu, kwa kuwa saa ya Kenya iko mbele ya UTC, saa ya kimataifa ya marejeo, kwa saa tatu kamili. Anayeingiza mizigo ya meli saa nane usiku atajikuta ameandika saa tano usiku, na tarehe ya jana kwenye ankara. Ondoa tiki hiyo.

Umeme ukikatika

Kwenye mipangilio ya Storage kuna kitu kinaitwa Use Host I/O Cache. Kikiwashwa, mgeni huambiwa "imeshaandikwa" wakati data bado iko kwenye RAM ya mwenyeji. Umeme ukienda wakati huo, diski ya mgeni huumia. Kwa kidhibiti cha diski cha aina ya IDE huwa kimewashwa tangu mwanzo, kwa SATA kimezimwa. Tumia SATA pale mgeni anapoikubali. UPS ndogo ikikupa dakika chache, zitumie kumhifadhi mgeni alivyo: bofya kufunga dirisha, chagua Save the machine state. Acha GB kadhaa tupu kwa mwenyeji, kwani hali hiyo huandikwa diskini. Na diski ya mwenyeji ikijaa katikati ya kazi, mgeni husimamishwa na ujumbe wa kosa. Usimzime, futa vitu kwa mwenyeji kisha umruhusu aendelee.

Snapshoti, yaani kumbukumbu ya hali ya mgeni ya wakati fulani, si nakala ya akiba. Ukishaipiga, faili kubwa la .vdi, ambalo ndilo diski ya mgeni, hugandishwa, na kila kipya huandikwa kwenye faili jingine ndani ya folda ya Snapshots. Anayenakili .vdi peke yake kwenye diski ya nje amebeba ofisi kama ilivyokuwa siku ya snapshoti, na kazi ya tangu hapo ameiacha nyuma. Zima mgeni kabisa, kisha tumia Export Appliance upate faili moja la .ova. Pale pa MAC Address Policy chagua kubeba anwani zote za MAC, yaani nambari za utambulisho za kadi za mtandao, maana leseni nyingi za zamani huisoma anwani hiyo, na ikibadilika programu hudai kusajiliwa upya. Halafu lifungue faili hilo kwenye kompyuta nyingine, kebo ya mtandao ya mgeni ikiwa imeondolewa, utafute ankara ya jana. Ikionekana, andika tarehe kwenye diski ya nje na uiweke jengo jingine.