Barua kwa Mwanangu: Anza na Mfarishi wa Mtoto

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Umeniuliza kama mabaki ya vitenge uliyokusanya yanatosha kuanzia blanketi la vipande, lile ambalo bibi yako aliliita mfarishi, la kitanda cha futi sita kwa sita na lenye nakshi za nyota. Mabaki yanatosha, nyota na kitanda viache kwanza. Nyota hudai vipande vilivyokatwa mshazari, na kitambaa cha mshazari huvutika hata mikononi mwa fundi aliyekalia cherehani miaka thelathini kama mimi, ilhali mraba uliofuata mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana wa kitambaa, hutulia.

Shona wa mtoto mchanga, sentimita 90 kwa 90. Kata miraba 36 yenye upana wa sentimita 16.2, kisha uiunganishe sita kwa sita, ukiacha milimita 6 za mshono kila upande, ili kila mraba ubaki na sentimita 15. Hizo milimita 6 ndizo kazi yenyewe. Ukichukua 7 badala ya 6, ukanda wa vipande sita, wenye mishono mitano, utapungua sentimita nzima, na hautakutana na ukanda wa jirani ulioushona sawasawa. Bandika kipande cha karatasi ngumu kwenye bamba la cherehani, milimita 6 kutoka kwenye sindano, ili ukingo wa kitambaa uambae hapo.

Kabla ya kushika mkasi, fua kila kitambaa. Mfarishi wangu wa kwanza niliuchanganya kanga nyekundu isiyofuliwa na vipande vyeupe vya kitambaa cha pamba kiitwacho marekani. Ulipofuliwa mara ya kwanza, weupe wote uligeuka waridi, na mama yako hajaacha kunikumbusha.

Pasi uikandamize, usiiburute, kwa sababu kuburuta hupinda miraba. Mishono ya ukanda wa kwanza ilaze kulia, ya ukanda wa pili kushoto, na kuendelea hivyo. Unapoziunganisha kanda, mikunjo itaumana na pembe zitakutana zenyewe.

Chini tandaza kanga moja, ambayo kwa ukubwa huo haihitaji kuungwa, ukiangalia jina lake lisije likasomeka kichwa chini. Juu yake weka blanketi jepesi lililozeeka, kisha kazi yako. Piga bandi, yaani mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, kuanzia katikati kwenda pembeni, maana ukianzia pembeni kitambaa kitajikusanya katikati, halafu pitisha mshono katika matabaka yote matatu kwa kufuata mistari ya miraba. Mkono unatosha kwa hatua hii. Kingo utazifunga kwa utepe wa kitenge, kama unavyofanya kwenye shingo za magauni.

Ukimaliza ukanda wa kwanza, usiuguse wa pili. Upime: uwe sentimita 91.2. Kisha uniandikie umepata ngapi.

Baba yako