Mbolea ya jarubani inakwenda wapi?

SWALI: Nalima mpunga ekari moja kwenye skimu huku Mbarali. Kila msimu naweka mfuko mmoja wa urea ya kukuzia. Mpunga unanawiri wiki moja tu, kisha unarudi unjano, na mtaro wa kutoa maji umejaa mwani. Nimepima maji ya mtaro kwa vijikaratasi vya naitreti, havioneshi kitu. Tatizo ni nini?

JIBU: Ndugu msomaji, yaelekea urea yako inatoka na maji, ila vijikaratasi hivyo haviwezi kuiona. Urea huyeyuka mara moja, na huchukua siku kadhaa kabla haijageuka amoniamu, ambayo udongo wa mfinyanzi unaweza kuishika. Kabla ya hapo inakwenda popote maji yanapokwenda. Naitreti, ambayo ndiyo vijikaratasi vyako hupima, ni hatua ya mwisho kabisa ya mgeuko huo.

Tupige hesabu. Kina cha sentimita 5 kwenye ekari ni kama lita 200,000 za maji. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Ukiumwaga humo, kisha maji yakashuka sentimita 3 kwa kutoka siku hiyohiyo, umepoteza karibu kilo 14 za naitrojeni, yaani kilo 30 za urea. Wala si lazima ufungue tuta. Tundu la kaa au la panya linatosha. Hatari zaidi ni pale maji yanapopita jaruba hadi jaruba, kwa sababu jirani wa juu akifungulia, yako yanasukumwa mtaroni.

Kwa hiyo palilia kwanza, uzibe matundu, upatane na jirani. Punguza maji mpaka tope libaki limelowa tu, ndipo umwage mbolea na kuichanganya na tope kwa kipalizi cha kusukuma kwa mkono. Kesho yake rudisha maji polepole, sentimita 2 au 3, ufunge njia ya kutokea kwa siku 5 hadi 7. Usiruke hatua ya kuchanganya: mbolea ikibaki juu, mwani unaonyonya kaboni dioksaidi juani hupandisha ualkali wa maji, na amoniamu inageuka gesi ya amonia inayopaa hewani hata kama tuta halivuji. Gawa mfuko: nusu wiki mbili baada ya kupandikiza, nusu suke linapoanza kuumbika ndani ya shina.

Fosforasi ya DAP, mbolea ya kupandia, ina njia yake: husafiri na udongo laini. Mkulima anayechavanga, yaani anayevuruga udongo kuwa tope kabla ya kupandikiza, kwa maji mengi kisha akayatoa yakiwa ya kahawia anaitoa nayo. Chavanga kwa maji machache, uyaache yatulie humohumo, upandikize.

Ukifanya haya na unjano ukarudi, angalia unapoanzia. Ukianzia majani ya chini, naitrojeni bado haitoshi. Ukianzia majani machanga ya juu, shuku upungufu wa salfa; hapo SA, mbolea yenye naitrojeni na salfa, itakufaa kuliko urea.